Shetri Ikiwa Utosini: Uelekeze Darubini M47, M46, NGC 2477 au NGC 2467?

Mvua za vuli zikishakata na kabla masika hayajaingia, Nairobi hupata kama miezi miwili ya anga safi. Juni hadi Agosti, wakati Akarabu iko juu na kila mwenye darubini anaitamani, mji wetu hukaa chini ya mawingu ya baridi usiku baada ya usiku. Kwa hiyo anga letu sisi wa Nairobi ni la Januari na Februari, na kundinyota linalopita juu yetu miezi hiyo ni Shetri, ambalo vitabu vya falaki huliita Puppis.

Wengi hawalijui. Jabari hujitambulisha mwenyewe, Kilimia huonekana hata na asiyekitafuta, na Shira ni nyota angavu kupita zote za usiku. Shetri iko mashariki na kusini mwa Shira na haina umbo la kukamata jicho, kwa sababu ni kipande tu cha chombo. Wagiriki wa kale waliona merikebu nzima angani, Argo. Ilikuwa kubwa mno, na Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille, aliyepima nyota za kusini kutoka Rasi ya Tumaini Jema kati ya 1751 na 1753, akaigawa: mkuku, tanga, na shetri, yaani sehemu ya nyuma. Mtu wa Lamu anayekijua chombo tangu omo hadi tezi hahitaji kuelezwa ni upande gani huo.

Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota za galaksi yetu, inapita katikati ya Shetri, ndiyo maana pamejaa mafungu ya nyota. Na hapo ndipo watu hukwama. Una usiku mmoja, pengine saa mbili za anga wazi, na hutaki kuzimaliza ukirukaruka huku na huko. Nimechagua vitu vinne ambavyo watu huvitaja wanapouliza waanzie wapi: M47, M46, NGC 2477 na NGC 2467. M na NGC ni orodha mbili za vitu vya angani, na namba ni nafasi ya kitu katika orodha. M93, fungu jingine la Shetri, nimeiacha kwa makusudi. Ni nzuri, ila kwa uamuzi tunaoufanya hapa inaangukia kati ya M47 na M46 kwa karibu kila jambo.

Ninavyovipima

Maswali yangu ni manne. Kitu hiki kinastahimili mwanga wa mji kiasi gani? Ni rahisi kukipata bila stendi ya kompyuta? Jicho linaona nini kwenye darubini? Kamera inatoa nini, na kwa vifaa gani? Uzuri wa picha uliyoiona kwenye simu sikuufanya kipimo. Picha hizo nyingi zimechukuliwa kwa masaa mengi kutoka jangwani, na zimewavunja moyo wanaoanza kuliko mawingu yalivyowahi kufanya.

Wagombea wenyewe

M47 ni fungunyota la nyota kama 50, limetawanyika katika eneo lenye upana wa mwezi mpevu, umbali wa takriban miaka ya nuru 1,600. Nyota zake kubwa ni nyeupe zenye buluu, na ni angavu. Fungu hili liliwahi kupotea kwa karibu miaka mia mbili. Charles Messier, mwanaastronomia mwenye orodha ya M, aliliandika mwaka 1771, lakini alipokokotoa mahali pake alichanganya kujumlisha na kutoa, na kila aliyeelekeza darubini pale alipopataja hakukuta kitu. Mwaka 1959 T. F. Morris alionyesha kosa lilivyotokea, na namba ikarudishiwa mwenyewe.

M46 iko digrii 1.3 tu upande wa mashariki, na kwa upana zinakaribiana. Lakini iko mbali mara tatu, kama miaka ya nuru 5,000, na ina mamia ya nyota ndogo zinazolingana mwangaza, kama chenga za chumvi juu ya kitambaa cheusi. Ukingoni mwake upande wa kaskazini kuna kitu cha ajabu: NGC 2438, pete ndogo ya gesi iliyotupwa na nyota inayokufa, ambayo mwanaastronomia William Herschel aliiona mwaka 1786. Inaonekana kama imo ndani ya fungu, kumbe iko mbele yake. Kasi yake angani ni tofauti na ya nyota za M46, na vipimo vya umbali vinaiweka karibu nasi zaidi. Ni kama kibatari kilicho dirishani kwako ukikiona kimekaa katikati ya taa za mtaa wa mbali.

NGC 2477 ni ya kusini zaidi, na aliyeiona kwanza ni Lacaille mwenyewe. Ni fungu zito la nyota kama 300 zilizosongamana hivi kwamba mgeni hudhani ni fungunyota la duara, lile la aina ya kale kabisa. Digrii moja na nusu upande wa kaskazini-magharibi yuko jirani yake NGC 2451, aliye kinyume chake: nyota chache, angavu, zimeizunguka nyota ya rangi ya chungwa iitwayo c Puppis. NGC 2451 nayo ni mafungu mawili yaliyopangana kwenye mstari mmoja wa macho, moja umbali wa kama miaka ya nuru 600 na jingine karibu mara mbili ya hapo. Mimi huzihesabu 2477 na 2451 kuwa safari moja.

NGC 2467 si fungu bali nebula, wingu la haidrojeni linalowashwa na nyota changa zenye joto kali. Herschel aliiandika mwaka 1784. Kwenye picha ni nyekundu, na wengine huona humo umbo la fuvu. Sehemu ya nyota zinazoonekana pale haziko pamoja kabisa. Zimepangana tu machoni petu.

Mwanga wa mji

Hapa ndipo uamuzi mwingi unafanyika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mimi huangalia kutoka paa la ghorofa Kayole, kati ya tangi la maji na kamba za nguo. Mbele yangu kuna mulika mwizi mmoja mrefu, taa ya mtaa juu ya mlingoti, unaowaka usiku kucha. Nashukuru upo, maana watu wanarudi kazini usiku, lakini nyota hauna huruma nazo. Usiku mzuri wa Januari, jicho tupu kutoka pale huona nyota za magnitudi 4 hivi na si zaidi. Magnitudi ni kipimo cha mwangaza, na kumbuka kwamba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu.

M47 ina magnitudi 4.4 na nyota yake angavu kabisa ni ya 5.7. Kwa jicho tupu hapo juu ya paa haionekani, lakini darubini ya macho mawili, ile inayoandikwa 10x50, inaitoa mara moja. Mwanga wake umekusanyika kwenye nyota chache zenye nguvu, na nyota yenye nguvu hutoboa uchafu wa nuru.

M46 ina magnitudi 6.1, na kwa namba hiyo mtu angesema tofauti si kubwa. Tofauti ni kubwa sana. Mwanga huo umegawanywa kwa mamia ya nyota, nyingi zikiwa za magnitudi 10 na kushuka, na kila moja inamezwa peke yake. Mwaka wa kwanza niliitafuta usiku tatu mfululizo kwa darubini ya kipenyo cha milimita 150, nikaona utupu wa kijivu, nikaamini naangalia mahali pasipo. Usiku wa nne niliazima leso, yaani kanga, ya jirani iliyokuwa bado kwenye kamba, nikajifunika kichwa na darubini pamoja, nikatulia kama dakika kumi gizani humo bila kutoa uso. Nyota zikaanza kuja moja moja, kisha kwa makumi, mpaka uwanja mzima ukawa umenyunyizwa. M46 ilikuwepo siku zote tatu. Jicho langu ndilo lilikuwa limefungwa na ile taa. Leso sikuhizi ni ya kwangu, na ndiyo kifaa changu cha bei ndogo chenye faida kubwa kuliko vyote.

NGC 2477 ina shida ileile ya M46, nyota zake nyingi ni hafifu, na juu ya hiyo iko chini zaidi angani. Kutoka Nairobi M47 na M46 hufika digrii 76 au 77 juu ya upeo, karibu na utosi, mahali ambapo uchafu wa mwanga ni mdogo. NGC 2477 hufika 53 upande wa kusini, na kwa aliye Kayole kusini ni uwanja wa ndege na Mlolongo. Jirani yake NGC 2451 hajali. Ana magnitudi 2.8 na c Puppis huonekana hata kwa jicho tupu.

NGC 2467 kwa jicho, mjini, isahau. Kwa kamera mambo yanageuka, na nitayafikia.

Kuvipata

Anza na Shira. Nyoosha mkono, kunja ngumi. Upana wake ni kama digrii 10. Kutoka Shira nenda mashariki ngumi moja na vidole viwili, ukipanda kaskazini kidogo tu. M47 iko hapo, na M46 iko kwenye uwanja huohuo wa darubini ya macho mawili. Hakuna rahisi kuliko hizi mbili katika Shetri yote.

Kwa NGC 2477 tafuta Naos, nyota ya magnitudi 2.2 iliyo angavu kuliko zote za Shetri. Kutoka hapo rudi kaskazini-magharibi digrii mbili na nusu. Ukiona nyota ya magnitudi 4.5 yenye ukungu ubavuni, umefika. Ukungu ndio fungu. Kwa NGC 2467 hakuna nyota ya kukushika mkono kwa urahisi hivyo. Tumia ramani ya simu au programu kama Stellarium, na upunguze mwangaza wa skrini.

Saa nazo ni muhimu. Vyote vinne hufika juu kabisa kwa wakati unaokaribiana: mwanzoni mwa Januari kama saa saba na nusu usiku, mwanzoni mwa Februari saa tano na nusu, mwanzoni mwa Machi karibu saa nne kasorobo. Chagua usiku usio na mwezi.

Kwa jicho

Kwa mtu anayeweka jicho kwenye darubini mara ya kwanza, M47 haishindwi. Nyota zinameta, zina rangi, na hahitaji kuambiwa aangalie kwa pembeni. Wengine watatu wanadai uvumilivu.

M46 ikishaonekana inampa anayependa kutulia kitu ambacho M47 haina, ile pete. Kwa kipenyo cha milimita 150, kuza mara 100 hivi, uangalie kaskazini ya katikati. NGC 2438 ina upana wa kama dakika moja ya tao, sehemu moja kwa thelathini ya mwezi, na hujitokeza kama doa la mviringo lililofifia. Filta ya oksijeni huzima nyota na kuiacha pete peke yake, na ukiichomoa na kuirudisha unaona kabisa vitu viwili tofauti vikipishana. Mle mle kuna nebula nyingine wanaastronomia waliyoipa jina la kibuyu, Calabash, ila hiyo ni ya darubini kubwa za utafiti. Ujue tu kwamba unaielekea.

NGC 2477 nje ya mji ndiyo inayonishika mimi zaidi. Barabara ya Magadi, ukishapita Kona Baridi na kuanza kuteremka Bonde la Ufa, milima ya Ngong inasimama kati yako na Nairobi. Olorgesailie ni kilomita 65 hadi 70 kutoka mjini, na mwanga wa mji unabaki mgongoni, kaskazini-mashariki, wakati Shetri iko kusini kwenye giza. Pale NGC 2477 si ukungu tena. Ukiitazama kwa darubini ya 150 inafanana na mchanga ulioshikana, na nyota zake zinajipanga mistari na vitanzi vidogo ambavyo kila mtu anavihesabu kivyake. Nenda na wenzako, waombe wenyeji ruhusa kabla ya kutandaza vifaa, na mfike kabla ya giza. Ukiwa hapo kumbuka kwamba mtu wa London haioni hii kamwe. Kwake hufika tu kwenye mstari wa upeo. Sisi tunaipata katikati ya anga.

NGC 2467 gizani ni kiraka cha kijivu chenye nyota moja ndani. Rangi nyekundu jicho haliipati.

Kwa kamera

Dunia inazunguka, na anga huonekana kwenda digrii 15 kwa saa. Kamera iliyokaa juu ya stendi bila mota ikiwa na lenzi ya milimita 135 ina kama sekunde mbili kabla nyota hazijageuka vistari. Sekunde mbili si kitu, lakini picha 300 za sekunde mbili ni dakika kumi, na programu za bure kama Siril au DeepSkyStacker huzilaza moja juu ya nyingine na kutoa picha moja safi. Kwa njia hii M47 na M46 huingia pamoja kwenye fremu zikiwa na nafasi ya kutosha. Nyota kubwa za buluu upande mmoja na vumbi la nyota upande wa pili: kwa maoni yangu ni picha nzuri zaidi mtu anayoweza kupiga Nairobi bila mota. NGC 2477 na 2451 nazo hukaa pamoja kwenye lenzi hiyohiyo, na rangi ya chungwa ya c Puppis hutoka vizuri, ila mjini ung'avu wa kusini utakulazimisha kupiga picha nyingi zaidi.

Simu nayo isidharauliwe. Iweke kwenye stendi, hali ya usiku, na M47 itaonekana kama kikundi kidogo cha nyota mashariki mwa Shira. M46 na NGC 2467 hazitatoka.

Ukiwa na stendi yenye mota inayofuata nyota, milango inafunguka, lakini sisi wa ikweta tuna taabu yetu. Mhimili wa stendi lazima uelekee ncha ya anga, na ncha ya kusini kwa Nairobi iko digrii 1.3 tu juu ya upeo, nyuma ya majengo. Nyota ya Kaskazini ndiyo kabisa haionekani. Stendi yangu ya kwanza haikuweza hata kuinama kufikia latitudo hiyo. Ilinibidi niinue mguu mmoja kwa vipande vya mbao. Kabla hujanunua, uliza inashuka hadi digrii ngapi. Kisha pangilia kwa dira na pimamaji, tazama nyota inahamia upande gani, urekebishe taratibu.

Ukilishinda hilo, NGC 2467 inaacha kuwa ya mwisho. Filta ya mikanda miwili hupitisha mwanga wa haidrojeni na oksijeni na kuzuia sehemu kubwa ya mwanga wa taa za mji. Picha 40 za dakika tatu, yaani masaa mawili, hutoa wekundu na mikunjo ya gesi hata kutoka juu ya paa. Jambo moja la kujua: kamera nyingi za kawaida zina kioo cha ndani kinachokata wekundu huo wa haidrojeni, nanomita 656, kwa hiyo iliyobadilishwa au iliyotengenezewa nyota ina faida kubwa. Filta hiyohiyo itaipa pete ya M46 nguvu, lakini M47 na NGC 2477 haizisaidii. Mwanga wa nyota umeenea rangi zote, na filta inakata nyota pamoja na taa.

Kwa hali yako

Una darubini ya macho mawili na paa la nyumba tu: M47, kisha shuka kusini ukaone NGC 2451. Hutatoka mikono mitupu hata kama mulika mwizi uko mbele yako.

Umeita watoto au majirani: vilevile M47, na ungoje Machi mwanzoni ikiwa mvua haijaanza, maana Shetri huwa juu kabla hawajaanza kusinzia.

Una darubini ya milimita 130 au 150 na subira, na hutoki mjini: M46. Chukua leso. Usihukumu kabla ya dakika kumi.

Umepata gari na wenzako wa kwenda Magadi usiku mmoja: usiutumie kwa M47, hiyo iko nyumbani. Anza na NGC 2477 ikiwa juu kusini, halafu malizia na pete ya M46.

Una kamera na lenzi ndefu bila mota: M47 na M46 pamoja ukiwa mjini, NGC 2477 na 2451 ukiwa nje.

Una mota, filta na kamera inayopokea wekundu, na kazi haikuruhusu kuondoka Nairobi: NGC 2467, na uigawe kwa usiku mbili au tatu ukikusanya picha kidogo kidogo.

Na kama mawingu yamefunguka kwa nusu saa tu, usibebe darubini kubwa. Shika ile ya macho mawili, tafuta Shira, hesabu ngumi moja na vidole viwili.